Filimbi ya Nne kwa Zidaka za Lamu: Mpingo, Shakuhachi au Bansuri Kubwa?

«Assalaam alaykum, maalim. Naishi Lamu, mtaa wa Langoni, na kwa miaka sita nimekuwa nikikusanya filimbi. Ninazo tatu: chivoti niliyouziwa na mzee wa Kigiriama karibu na Malindi, bansuri ndogo ya dukani Mombasa, na nai aliyoniletea ami yangu kutoka Cairo, ambayo kwa miaka miwili haijanipa hata sauti moja, nami nadhani ni mbovu. Nimeweka akiba ya shilingi 30,000 ninunue ya nne, iliyotengenezwa kwa mkono, na nimekwama baina ya tatu: filimbi ya mpingo ya mtindo wa zamani wa Ulaya isiyo na vifuniko vya chuma, shakuhachi ya Kijapani, na bansuri kubwa ya India. Rafiki zangu husema mpingo ndio wenye sauti bora, na kwamba mwanzi hapa pwani utaliwa na bungua au utapasuka. Hupiga jioni peke yangu, na mara nyingine pamoja na binamu yangu mpiga udi. Ninunue ipi, na nitajuaje kuwa sijaibiwa, maana sitaishika kabla ya kulipa?»

Waalaykum salaam warahmatullah. Umeuliza ununue ipi, lakini ndani ya barua yako nimeona hofu tatu: kwamba utachagua mti usiofaa, kwamba filimbi itaharibika ukiwa unaitazama, na kwamba utatuma fedha kwa mtu usiyemwona. Zote ni hofu za haki, na nitazijibu. Hata hivyo nitaanza na ile nai uliyoitaja kwa kupita tu, kwa sababu ndiyo itakayotuonyesha filimbi ipi inakufaa.

Nai yako, kwa maelezo uliyotoa, huenda haina ubovu wowote. Nai ni tete lenye pingili tisa, lililotobolewa matundu sita mbele na moja nyuma la kidole gumba, na mdomoni halina mchongo wa kukusaidia zaidi ya ukingo wa tete lenyewe. Sauti ya filimbi yoyote huzaliwa pale utepe mwembamba wa pumzi unapogonga ukingo mkali, ukawa unayumba ndani na nje ya bomba mamia ya mara kwa sekunde moja, na hewa iliyomo bombani ikatikisika kwa mwendo huohuo. Katika chivoti na bansuri fundi amekwisha kukufanyia nusu ya kazi, kwa kuwa tundu la mdomo limechongwa mahali pake na wewe huweka tu mdomo wa chini ukapuliza. Katika nai, midomo yako ndiyo inayotakiwa kuutengeneza ule utepe wa pumzi, kuuelekeza kwa mshazari, na kuupata ukingo bila alama yoyote. Wanafunzi wengi hukaa majuma mengi wakisikia upepo mtupu, na asiye na mtu wa kumwonyesha anaweza kukaa miaka, kama ulivyokaa wewe.

Ili uondoe shaka, fanya hivi leo. Ziba matundu yote saba kwa utepe wa gundi, uhakikishe umelala vizuri bila mikunjo. Ziba mwisho wa chini kwa kiganja cha mkono, kisha weka midomo kwenye ncha ya juu kana kwamba unakunywa kwa mrija, na uvute hewa. Tete likiwa zima, litakushika midomo na kukaa limekushika kwa sekunde kadhaa. Likiwa na ufa usioonekana kwa macho, utasikia hewa ikipenya taratibu na ule mvuto ukalegea. Jaribio hili nimelifanya kwa filimbi nyingi zilizoletwa mezani pangu Malindi zikiitwa mbovu, na zaidi ya nusu yake hazikuwa na kosa. Ulifanye pia kwa hiyo utakayonunua, siku ileile itakapofika; ila kwa filimbi ya kupuliza upande utaziba tundu la mdomo kwa utepe pia, uvute kwa mwisho wa chini.

Sasa tuje kwenye mpingo. Rafiki zako wana sababu ya kuuheshimu, kwa kuwa ni mti unaovunwa zaidi kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, unaotafutwa na mafundi wa ala za muziki duniani kote, nao ni mzito kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini huzama. Lakini kauli kwamba mpingo ndio unaotoa sauti bora haikusimama ilipopimwa. Mwaka 1971 mwanafizikia wa Marekani John Coltman alichapisha matokeo ya jaribio alilotumia filimbi zenye umbo moja la ndani, moja ya fedha, moja ya shaba na moja ya mpingo, na wasikilizaji, hata wapigaji wenyewe wasipoweza kuitambua kwa macho wala kwa uzito, hawakuweza kuzitofautisha. Maana yake ni kwamba kinachotikisika ni hewa, na ukuta wa bomba kazi yake ni kuishika tu. Hewa hiyo huona urefu wa bomba, upana wake, ulaini wa ndani, ukubwa wa matundu, na zaidi ya yote umbo la ule ukingo inakogawanyikia.

Basi mpingo una faida gani? Una faida ya fundi. Kwa kuwa chembe zake zimeshikana, hukubali ukingo mkali usiomomonyoka, hukubali kupekechwa ndani ukawa laini kama kioo, na haunyonyi mate ya mpigaji ukavimba. Filimbi nzuri ya mpingo ni nzuri kwa sababu aliyeitengeneza aliweza kuikamilisha kama alivyokusudia. Fundi hodari akipata pingili nyoofu ya mwanzi anaweza kufika palepale, na fundi mvivu ataharibu mpingo uleule. Kwa hiyo ukiletewa filimbi mbili, angalia kwanza tundu la mdomo, ndipo uulize imetengenezwa kwa mti gani.

Kuhusu kuliwa na bungua, hapa rafiki zako wamesema kweli, lakini nusu yake. Mdudu hafuati mwanzi, hufuata wanga uliomo ndani ya mwanzi. Mafundi wanaojua kazi hukata mwanzi uliokomaa katika majira ambayo wanga wake umepungua, wakauanika kwa muda mrefu, na wengine huupitisha motoni au moshini. Mwanzi wa namna hiyo hauvutii bungua kama ule uliokatwa mchanga ukauzwa haraka. Dalili ni tundu dogo la duara kama la sindano, na unga mwepesi chini yake asubuhi. Ukiiona, itenge filimbi hiyo mara moja na nyingine, uifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uiweke kwenye friza kwa wiki mbili, kisha uiache ndani ya mfuko huohuo nje kwa siku nzima kabla ya kuufungua, ili unyevu utokee juu ya plastiki, usitokee juu ya mwanzi. Makumbusho hutumia njia kama hiyo kuwaua wadudu katika vitu vya miti, na Lamu, kwa wavuvi tulionao, friza haikosekani.

Kupasuka nako kunahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu watu hulaumu unyevu wa pwani wakati unyevu wenyewe si adui. Mwanzi na mbao hupasuka zinapokauka ghafla, upande mmoja ukisinyaa kabla ya mwingine. Filimbi iliyozoea hewa ya Lamu ikipelekwa Nairobi mwezi wa Januari, au ikalazwa mbele ya kiyoyozi cha hoteli, au ikaachwa ndani ya gari juani, hapo ndipo hupasuka, na mpingo pia hupasuka. Filimbi mpya ya mpingo hutakiwa kuzoeshwa: dakika kumi au kumi na tano kwa siku katika wiki za mwanzo, kisha kufutwa ndani kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, na kupakwa mafuta ya lozi kidogo mara kwa mara. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani yana maji na machicha ndani yake, na huchacha. Yaache yafanye kazi yake kichwani na jikoni.

Nimekisia kwamba filimbi zako umeziweka kwenye zidaka, kama ningeziweka mimi ningekuwa na nyumba ya kale ya Lamu. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kuzitazama. Lakini ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hushika unyevu, hasa mvua za kusi zinaposhuka mwezi wa Mei, na filimbi iliyoegemezwa ukutani hufanya ukungu upande ule usiouona. Tengeneza vigingi viwili vidogo vya mti ndani ya kila kidaka, filimbi ilale juu yake pasipo kugusa chokaa, na upepo uzunguke. Usiifungie ndani ya mfuko wa plastiki kila siku, wala usiiweke kwenye dirisha linalotazama bahari, kwa sababu chumvi huvuta maji.

Tukishayaelewa hayo, tunaweza kuzipima zile tatu zako bila hofu ya mti.

Shakuhachi ndiyo naipenda zaidi kuisikiliza, na ndiyo nakushauri usiinunue kwa sasa. Jina lake linatokana na urefu wake wa kawaida, shaku moja (kipimo cha kale cha Kijapani) na sehemu nane za kumi, yaani sentimita 54.5. Ina matundu manne mbele na moja nyuma, hutengenezwa kwa sehemu ya mwanzi iliyo karibu na shina pamoja na mizizi yake, na kwa muda mrefu ilikuwa mikononi mwa watawa wa madhehebu ya Kibuddha ya Fuke, ambayo serikali ya Japani iliyafuta mwaka 1871. Ukingo wake umekatwa mshazari, kwa hiyo ni rahisi kidogo kuliko nai, lakini kazi ya midomo ni ya jamii ileile. Kama nai imekushinda kwa kukosa mwalimu, shakuhachi itakushinda kwa sababu hiyohiyo, na fedha zitakuwa zimekwenda. Pia shakuhachi iliyokamilishwa ndani na fundi mwenye jina huko Japani hupita akiba yako mbali sana, na za bei ya chini zimejaa za kupambia meza. Nitakuambia la kufanya badala yake: nunua kipande cha bomba la plastiki la maji, chonga ukingo kwa msasa, utoboe matundu matano. Wapigaji wengi wa shakuhachi nje ya Japani wameanza hivyo. Ukiona baada ya mwaka bado unakirudia kila jioni, weka akiba nyingine.

Filimbi ya mpingo ni chaguo la heshima. Vidole vyako vimekwisha kuzoea matundu sita ya bansuri ndogo, na utaipiga siku ya kwanza. Dosari yake kwako ni mbili. Ya kwanza ni bei, kwani kwa shilingi 30,000 utapata kwa shida fundi mzuri atakayekubali, na ukishaongeza usafirishaji na ushuru hutabakiwa na kitu. Ya pili ni binamu yako na udi wake, nami nitaieleza baada kidogo. Ukiamua kuinunua, fahamu kwamba mpingo na jamaa zake wote waliingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwanzoni mwa mwaka 2017, na ala za muziki zilizokamilika zikasamehewa kuanzia tarehe 26 Novemba 2019. Hivyo filimbi iliyokamilika haina tatizo hilo, ila magogo na vipande vibichi vina masharti yake. Lakini filimbi ya zamani yenye pete za pembe za ndovu, hata iwe ya bei ya kutupa, usiiguse.

Inabaki bansuri kubwa, na hiyo ndiyo ninayokushauri. Bansuri iliyokuwa ikipigwa vijijini ilikuwa fupi, mpaka Pannalal Ghosh, aliyeishi baina ya 1911 na 1960, alipoirefusha ili iweze kubeba muziki mkubwa wa raga, ule wa kitaalamu wa India, jukwaani. Matundu yake ni mapana na huzibwa kwa nyama ya kidole, si kwa ncha, na ndiyo sababu mpigaji anaweza kulifungua tundu nusu, au robo, na sauti ikateleza kutoka daraja moja hadi nyingine. Hapa ndipo udi unapoingia. Binamu yako akianza bayati, mojawapo ya makamu za muziki wa Kiarabu, juu ya sauti ya D, sauti ya pili haiko kwenye E wala chini yake kwa nusu kamili, iko katikati. Kwenye bansuri ya G sauti hiyo unaipata kwa kuinua kidogo kidole cha chini kabisa na kuishikilia hapo. Kwenye filimbi ya Ulaya yenye matundu madogo unaweza kuilazimisha, lakini hutaiona raha.

Kuwa mwangalifu na majina, maana wengi wamepokea filimbi wasiyoitaka kwa sababu hii. Fundi wa India huipa bansuri jina la sauti inayotoka matundu matatu ya juu yakiwa yamezibwa. Fundi wa Ulaya huita filimbi yake kwa sauti inayotoka yote sita yakiwa yamezibwa. Kwa hiyo bansuri ya G, yenye urefu wa karibu sentimita 65, na filimbi ya mpingo ya D zina sauti moja ya chini. Bansuri ya E, ambayo wanafunzi wa raga huipenda, hufika karibu sentimita 75 na sauti yake ya chini ni B.

Usiagize ya E kabla ya kuupima mkono wako. Mwombe muuzaji akuandikie umbali wa kila tundu kutoka tundu la mdomo, kata bomba la plastiki la urefu huo, weka alama kwa kalamu ya wino mzito, kisha ukae barazani ulishike kama unayepiga, robo saa nzima, huku ukiinua kidole kimoja kimoja. Kidole cha pete cha mkono wa chini ndicho kitakachosema ukweli. Kikianza kuuma au kufa ganzi, chukua ya G. Nami kwa matumizi yako naiona ya G inatosha hata kama mkono unafika.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji ni joto. Sauti husafiri kwa kasi zaidi katika hewa ya moto, na filimbi hupanda nayo. Filimbi iliyopatanishwa katika karakana yenye nyuzi joto 20 ikipigwa Lamu kwenye nyuzi 30 hupanda kwa karibu sehemu 30 kati ya 100 za nusu sauti, au pungufu kidogo kwa kuwa pumzi yako ina joto lake. Programu ya simu ya kupimia sauti itakuonyesha kwamba filimbi imekosewa, nawe utamlaumu fundi bure. Mwulize aliipatanisha katika joto gani. Kwa bahati udi hauna tatizo hapa: piga kwanza filimbi kwa dakika tano ipate joto, kisha binamu yako akaze nyuzi zake kuifuata. Mkipiga na kinanda cha umeme, zungushia tundu la mdomo ndani kidogo ili sauti ishuke.

Sasa kuhusu kununua bila kushika. Niliwahi kununua bansuri kwa picha tu, nzuri mno, imefungwa nyuzi nyekundu na imeng'aa. Ilipofika, tundu la mdomo lilikuwa limechomwa kwa chuma cha moto likapanuka upande mmoja, na ukingo ukawa wa mviringo kama wa kikombe. Ilitoa upepo mwingi kuliko sauti, na fedha hazikurudi. Tangu hapo picha ya filimbi nzima hainitoshi. Omba picha ya tundu la mdomo kwa karibu, mwanga ukitoka pembeni, uone kama ukingo ni mkali na safi bila nyuzinyuzi za mwanzi. Omba picha ya ndani ya bomba likielekezwa dirishani. Na zaidi ya yote omba rekodi ya filimbi hiyohiyo utakayotumiwa, si ya mfano, ikipigwa polepole kutoka sauti ya chini kabisa hadi ya juu, kila sauti ikishikiliwa kwa pumzi moja. Sauti ya chini ikitetemeka au ikiruka juu yenyewe, kuna mvujo au tundu limekosewa. Fundi wa kweli hatachoka na maswali haya. Kwa kawaida huyafurahia. Akikataa rekodi, au akikataa kuandika kwamba utairudisha ndani ya siku kadhaa, ondoka. Kabla haijasafirishwa uliza KEPHIS, shirika la serikali la Kenya linalokagua afya ya mimea, kama mwanzi huo unahitaji cheti cha afya ya mimea, na wakala wa forodha akukadirie ushuru, ili usije ukakwama Mombasa.

Kuna mambo ambayo barua haiyatibu. Ufa ukitokea, ufunge kwa uzi wa pamba ulioviringishwa kwa kukaza juu na chini yake, usimwagie gundi, umletee fundi auone. Ganzi ya vidole isiyoisha baada ya kupumzika siku chache ni ya daktari. Na usipulize kamwe filimbi iliyotumika yenye harufu ya ukungu kabla haijasafishwa: mwaka 2016 madaktari wa Manchester walichapisha habari za mpigaji wa zumari la Kiskoti aliyefariki kwa ugonjwa wa mapafu, na ndani ya ala yake wakakuta aina kadhaa za kuvu. Ukipata kikohozi kikavu na pumzi fupi zinazopungua ukiiacha ala na kurudi ukiishika, nenda hospitali, na uitaje filimbi.

Ile nai usiiuze. Ukisafiri kwenda Unguja, pitia Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kinachofundisha taarab, uombe mtu akutazame midomo kwa dakika kumi tu. Na kabla ya safari, kaa mbele ya kioo, acha matundu yote wazi, tabasamu kidogo, egemeza ukingo wa tete upande mmoja wa midomo, ufunike karibu robo tatu ya mwanya wake, na upulize pole kama unayepoza chai, huku ukiigeuza nai kidogo kidogo kulia na kushoto. Siku itakapotoka sauti ya kwanza, hata iwe nyembamba na ya upepo, usiondoe mdomo. Chukua kalamu ya risasi kwa mkono mwingine na uweke alama juu ya tete, pale kona ya mdomo ilipogusa.